Kioo Kimegoma: Kutafuta Kasoro Unapochora Akisi za Majengo ya Mjini

"Maalim, kioo changu mbona kama zege?"

Swali hilo nimeulizwa kuliko maswali yote na vijana wanaoniletea tableti na simu zao tuangalie kazi pamoja. La pili ni la dimbwi: wamechukua nyumba, wameigeuza miguu juu, wameiweka chini ya mchoro, na bado maji hayawi maji. Kasoro ni zile zile, kwa mtoto wa skuli wa Chake, Pemba, na kwa mtu mzima anayewauzia wageni michoro yake Shangani, Unguja. Nimezipanga hapa kwa dalili. Tafuta dalili iliyo kwenye kazi yako, anza na sababu ya mwanzo kwa sababu ndiyo inayopatikana zaidi, na usiingie kwenye matengenezo mazito kabla ya kumaliza mepesi.

Neno moja kwanza. Majumbani kwetu, kinachoonekana majini au kwenye kioo tunakiita pia kivuli. "Nimeona kivuli changu kisimani." Ni Kiswahili kizuri na sitaki mtu akiache, ila mkono wa mchoraji unalitii neno. Akisikia kivuli, anachukua brashi nyeusi. Kivuli ni pahala mwanga ulipozuiwa. Akisi ni mwanga uliofika, ukagonga, ukarudi. Kivuli kinapunguza, akisi inaongeza. Nusu ya kasoro zilizomo humu zinatoka hapo, na nusu nyengine inatoka kwenye kudhani kwamba akisi ni nakala ya kitu kile kile kimegeuzwa. Si nakala. Ni mtaa ule ule ukitazamwa kutoka pahala pengine.

Kabla hujagusa brashi

Nakili faili, ufanye majaribio yote kwenye nakala. Kisha ondoa rangi, mchoro ubaki mweusi na mweupe. Ikiwa vioo na kuta vimekuwa kijivu kimoja, tatizo ni mwanga. Nenda dalili ya pili. Geuza turubai kulia kushoto. Jengo likionekana linaanguka, tatizo ni mistari. Nenda dalili ya tatu. Mwisho, zima tabaka (layer) la akisi. Kama chini yake hakuna kitu, yaani hukuchora ndani ya nyumba wala sakafu ya dimbwi, umeshapata kasoro yako ya kwanza.

Dalili ya kwanza: akisi ya dimbwini inaonekana imebandikwa

Umechora kichochoro cha Mkunazini baada ya mvua ya masika. Nyumba imesimama, dimbwi liko mbele yake, na ndani ya dimbwi imo nyumba ile ile imepinduliwa. Kila kitu kipo lakini jicho linakataa.

Sababu inayoongoza ni kupima kutoka ukingo wa dimbwi. Tuichukue kwa hesabu. Nyumba yako ina urefu wa sentimita 12 kwenye turubai, kutoka mguuni hadi paani. Dimbwi linaanza sentimita 3 chini ya mguu wa nyumba, kwa sababu kati yao pana kipande cha njia kavu. Wengi wanaiweka nakala ianzie pale maji yanapoanzia, mlango wote ukaonekana ndani ya maji. Sivyo. Akisi inaanzia mguuni kwa nyumba, hata kama pale ni pakavu. Sentimita 3 za mwanzo zinaangukia kwenye ardhi kavu na hazionekani. Dimbwi linaanza kuonyesha ukuta kutoka sentimita ya 3 kwenda juu, na kama dimbwi lina sentimita 4 kwenye turubai kutoka juu kwenda chini, litaonyesha sentimita ya 3 mpaka ya 7, basi. Sehemu ya juu ya mlango, dirisha, na mwanzo wa roshani. Paa halimo.

Angalia na hili: mguu wa nyumba ni pale ukuta ungekutana na usawa wa maji. Nyumba zetu nyingi zina baraza mbele. Ukipima kutoka juu ya baraza, umeshakosea kwa kimo cha baraza. Teremka mpaka usawa wa dimbwi ndipo uanze kuhesabu.

Kujaribu ni rahisi na hakuhitaji umeme. Laza kioo cha mkononi juu ya meza, simamisha kiberiti nyuma yake kikigusa ukingo, kisha kirudishe nyuma kidogo kidogo. Utaona sehemu ya chini ya kiberiti inapotea ndani ya kioo, kama inayozama. Hicho ndicho kinachotokea kwa mlango wako.

Sababu ya pili: umegeuza nakala ya ulichokiona. Dimbwi halioni unachokiona wewe. Ukisimama na jicho lako likiwa mita 1.6 juu ya ardhi, dimbwi linakuonyesha mtaa kama unavyoonekana na jicho lililo mita 1.6 chini ya ardhi. Jicho hilo la pili liko chini sana, kwa hiyo linaona matumbo ya vitu. Nenda barabara ya Mizingani, usimame mbele ya jengo la dispensari ya zamani, lile lenye roshani za mbao zilizonakshiwa. Kwa macho yako unaona ubao wa mbele wa roshani, na chini yake kidogo tu. Kwenye maji yaliyotuama mbele yake unaona zaidi upande wa chini: boriti, mbao za sakafu, giza la pembeni. Mchoro unaoonyesha ubao wa mbele tu ndani ya dimbwi utaonekana kibandiko hata ukiupaka kwa mwaka mzima. Kwa sababu hiyo hiyo, mnara unaochomoza kidogo nyuma ya mapaa unaweza usiwemo kabisa dimbwini. Jicho la chini linauona ukuta wa mbele tu, na mnara umefichwa.

Tengeneza hivi. Chora upya roshani, vibaraza vya madirisha na kila kinachojitokeza nje ya ukuta, kila kimoja kikipimwa kutoka nukta ya ardhi iliyo chini yake, si kutoka mguu wa ukuta. Ukuta wenyewe, ukiwa bapa na unakutazama usoni, unaweza kubaki nakala.

Sababu ya tatu ni nguvu ya akisi kuwa sawa dimbwi zima. Maji ukiyatazama kutoka juu moja kwa moja yanarudisha kama asilimia 2 tu ya mwanga. Kadiri unavyoyatazama kwa kulalia, yanarudisha zaidi, mpaka yanakuwa karibu kioo kamili. Kwa hiyo karibu na miguu yako unapaswa kuona chini ya dimbwi: saruji, mchanga, jani la muembe lililolowa. Mbali kidogo unaona anga na nyumba. Lifunike tabaka la akisi kwa kinyago chenye mpito (mask inayofifia polepole), kali kule mbali na hafifu huku karibu, na chora sakafu ya dimbwi kwenye tabaka la chini yake.

Viwimbi vinakuja mwisho, ingawa ndivyo watu wanavyoanza navyo. Wanapaka mawimbi wakitumaini yataficha makosa ya kipimo. Upepo unavirefusha vitu kwenda juu na chini; mistari iliyosimama inabakia, iliyolala inakatikakatika. Vitie baada ya kipimo kukubali.

Dalili ya pili: kioo kinaonekana zege, au kinaonekana tope

Sababu namba moja ni modi ya tabaka, yaani namna tabaka linavyochanganyika na lililo chini yake. Mtu ameweka akisi juu ya dirisha kwa modi ya Multiply, au kwa modi ya kawaida kisha akapunguza ukolevu wake (Opacity) mpaka asilimia 40. Multiply inatia giza, hiyo ndiyo kazi yake. Ni modi ya vivuli. Kwa akisi tumia Screen au Add, kwa sababu mwanga unaorudi unajumlishwa na mwanga unaotoka ndani ya nyumba. Anza kwa kupaka ndani ya chumba rangi ya giza ya kweli, si kijivu cha katikati, kisha weka akisi juu. Wengi wanaofanya hivi tu wanapona, hawahitaji kusoma zaidi.

Usipopona, sababu ya pili ni kwamba kioo chako kina picha moja pahala penye mbili. Nilifahamu jambo hili vizuri siku moja asubuhi nikiwa mbele ya duka la kanga. Kioo cha duka chote kilikuwa kimejaa ukuta mweupe wa chokaa ulio upande wa pili wa njia. Kanga hazikuonekana. Zilionekana pahala pamoja tu: ndani ya umbo la mwili wangu. Kichwa changu na mabega yangu vilikuwa vimeuzuia ule weupe, na ndani ya umbo hilo la giza nikaisoma kanga iliyotundikwa, mji wake, pindo lake, hata nusu ya jina. Niliposogea kulia, kanga ile ikazimika ikawaka ya pili yake.

Hiyo ndiyo kanuni ya kufanyia kazi. Panapoakisiwa kitu cheupe (anga, ukuta wenye jua), ndani hapaonekani. Panapoakisiwa kitu cheusi (mlango wazi, muembe, mtu), ndani panaonekana. Chora matabaka mawili kamili, ya ndani na ya nje, uyaache Screen ifanye hesabu. Usijaribu kukisia kwa brashi moja.

Sababu ya tatu ni kusahau pembe. Uso mmoja wa kioo cha kawaida ukitazamwa usoni moja kwa moja unarudisha kama asilimia 4 ya mwanga, na kwa kuwa kioo kina nyuso mbili, jumla ni kama asilimia 8. Dirisha linalokutazama usoni ni tundu la giza lenye akisi hafifu. Dirisha lile lile ukilitazama kwa kulalia, kutoka mwisho wa barabara, linakuwa fedha tupu. Kwenye ghorofa refu linalokimbia kwenda mbali, madirisha ya karibu yaonyeshe ndani, ya mbali yaonyeshe anga. Ukiyafanya yote sawa, jengo linalala.

Rangi ya kioo inakuja baadaye. Kioo kilichotiwa rangi mwilini, kama vile vioo vyekundu na kijani vya madirisha ya zamani Mji Mkongwe, kinapaka rangi kile kilicho ndani zaidi kuliko akisi; mwanga unaogonga uso wa mbele na kurudi haujapita kwenye rangi. Kioo cha kisasa kilichopakwa utando ni tofauti, kinaipaka na akisi yenyewe. Tazama kioo unachokichora kabla ya kuchagua.

Dalili ya tatu: mistari ya ndani ya kioo haikubaliani na mtaa

Ukaguzi wa mwanzo: mstari wa upeo wa macho. Kwenye kioo kilichosimama wima, upeo wa akisi ni ule ule wa mtaa. Haupandi wala haushuki. Nimeona kazi nzuri sana ikiharibika kwa sababu picha iliyotiwa ndani ya kioo ilipigwa kutoka ghorofani na mtaa ukachorwa kutoka chini. Picha ya namna hiyo haitengenezeki kwa kuvutwa pembe zake. Kapige nyengine.

Upeo ukiwa sawa, uliza kimo cha vitu. Kitu kilicho mita 6 mbele ya kioo kinaonekana mita 6 nyuma yake. Tuseme umesimama mita 4 kutoka kwenye kioo, na nyuma yako, mita 6 kutoka kwenye kioo hicho hicho, upo mlango wa njumu wenye urefu wa mita 3. Macho yako yanauona kwa umbali wa mita 10. Kwenye uso wa kioo mlango huo unachukua mita 3 mara 4 gawa kwa 10, yaani mita 1.2 tu. Wengi wanauchora mkubwa karibu na ukweli wake, ndipo akisi inapokuwa bango lililobandikwa kwenye kioo badala ya mtaa uliomo ndani yake.

Halafu ndiyo pembe. Kama mistari ya mtaa iko sambamba na kioo au inakwenda kukigonga kwa nyuzi 90, nukta zake za mwisho kwenye upeo, pale mistari inapokutana, hazibadiliki, na wasaidizi wa mistari waliomo ndani ya programu za kuchorea kama Krita au Procreate wanatosha. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wangu wa mwanzo nampeleka Michenzani, kwenye zile nyumba za maendeleo zilizojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Zimenyooka kama rula, barabara mbili zinakatana, vioo vya magari na vya majengo mapya vinazishika vizuri. Mji Mkongwe haukubali hesabu hiyo. Vichochoro vinapinda, hakuna ukuta ulio sambamba na mwengine. Ukuta unaokikaribia kioo kwa nyuzi 30 upande huu, akisi yake inaondoka kwa nyuzi 30 upande ule, na inapata nukta yake ya mwisho pahala pengine juu ya upeo ule ule. Sheria ya pembe hizi ilijulikana zamani sana, na Ibn al-Haytham wa Basra aliifanyia kazi kwa undani katika karne ya 11, kwa vioo vilivyonyooka na vilivyopinda.

Njia ya uhakika ni ramani. Chora kichochoro kwa juu, kama anavyokiona kunguru: mstari wa kioo, kuta, wewe ulipo. Kunja karatasi kwenye mstari wa kioo, pitisha kalamu kuta zitokee upande wa pili. Sasa sahau kwamba kuna kioo. Pale pana tundu ukutani, na nyuma yake upo mtaa mwengine. Chora mtaa huo kwa kanuni za kawaida. Ukiwa na kompyuta yenye nguvu kidogo, weka masanduku matupu ndani ya Blender, programu ya bure ya kujengea vitu vya pande tatu, lipe moja uso wa kioo, uone mistari inakwenda wapi. Usichore juu ya picha ya Blender moja kwa moja. Iangalie, ifahamu, ifunge.

Na mara nyingi kosa ni dogo kuliko yote hayo: mtu amepiga picha ya kioo, hakupiga ya kilicho nyuma ya mgongo wake. Kioo kinachokutazama kinaonyesha kilicho nyuma ya mgongo wako. Kila ukipiga ya mbele, geuka upige ya nyuma ukiwa umesimama pale pale.

Usipande juu ya mapaa wala kuingia kwenye majengo yaliyozungushiwa uzio ili upate pembe nzuri. Beit al-Ajaib, lililojengwa 1883, sehemu yake iliporomoka Disemba 2020, na lilikuwa jengo ambalo kila mtu alidhani litasimama milele. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ulioloa hautoi onyo.

Dalili ya nne: akisi safi mno, kama kioo cha kinyozi

Hapa sababu ni moja, nayo ni kulitendea jengo zima kama kioo kimoja. Jengo la vioo ni mamia ya vidirisha, na hakuna viwili vilivyokaa sawasawa. Kila kimoja kimeinama kidogo upande wake, kwa hiyo mstari wa paa la jirani unavunjika kila unapovuka fremu: huku umepanda, huku umeshuka, huku umepinda kama upinde. Vioo vya tabaka mbili vinavimba au kunywea hewa iliyofungwa ndani inapobadilika. Vioo vya zamani vina mawimbi ya utengenezaji wake. Richard Estes, mchoraji wa Marekani aliyezaliwa 1932, amejulikana kwa vioo vya maduka vya New York, na ukizitazama kazi zake kwa karibu utaona mistari inavyokatika na kuanza upya.

Chagua kidirisha kimoja kimoja, sogeza akisi yake pikseli chache, izungushe chini ya nyuzi 1, ipinde kidogo. Vidirisha vitano au sita vibaki bila ya kuguswa ili jicho lipate pa kupumzika. Kwenye majengo yanayotazama bahari ongeza ukungu wa chumvi, hasa penye jua. Chumvi inageuza giza la kioo kuwa maziwa.

Dalili ya tano: kila kitu sawa, lakini mtaa hauna jua

Hili halina mlalamikaji mwingi, na ndilo ninalolipenda zaidi. Umechora kioo kinapokea mwanga, hukuchora kinapoupeleka. Dirisha lenye jua linatupa kipande cha mwanga kwenye ukuta wa upande wa pili, chenye umbo lililopinda, mara nyengine kama wavu. Sisi tuko kama nyuzi 6 kusini mwa Ikweta; mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita karibu utosini. Jua la juu namna hiyo likigonga kioo cha wima linaanguka chini, njiani, karibu na mguu wa jengo. La asubuhi na la alasiri linakwenda mbali, linapanda ukuta wa jirani. Ukuta wa chokaa wenyewe hautoi picha, lakini unamwaga mwanga laini kwenye kichochoro chote. Ongeza vitu hivi viwili kwa Screen hafifu, rangi ya samli. Uone mtaa unavyoamka.

Usiku kanuni inapinduka: ndani kuna taa na nje giza, kwa hiyo ndani kunaonekana na akisi inabaki ya taa za barabarani tu. Juu ya njia iliyoloa, taa inachora mchirizi mrefu unaokujia wewe, siku zote wima kwenye turubai. Ukiulaza pembeni umekosea.

Dalili ya sita: programu inakwama, anga lina mikanda, au rangi zimekufa kwenye karatasi

Kukwama ni hesabu ya kumbukumbu. Turubai ya A3 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 3,508 kwa 4,961. Tabaka moja lililojaa linakula karibu megabaiti 70. Matabaka 40 ni kama gigabaiti 2.8, kabla ya historia ya kurudi nyuma. Simu ya gigabaiti 4 haiwezi. Unganisha matabaka yaliyokwisha, hifadhi vidirisha vya kila ukuta kwenye faili lake, na punguza idadi ya hatua za kurudi nyuma. Kubadilisha programu kunasaidia mara chache.

Mikanda angani inatoka kwenye viwango 256 vya kila rangi kwenye faili la biti 8. Anga laini likipanda viwango 40 tu katika pikseli 4,000, kila mkanda una pikseli 100 na jicho linauona. Tia chenga (noise) kidogo, au fanya kazi kwa biti 16 kama programu inaruhusu.

Rangi kufa kwenye karatasi kuna sababu mbili. Kwanza, umechora barazani juani na skrini imewashwa mpaka mwisho, kwa hiyo ukachora giza bila ya kujua. Weka mwangaza nusu, kaa ndani, linganisha na karatasi nyeupe. Pili, buluu ya kijani ya bahari yetu, ile inayowaka kwenye skrini, wino wa mashine hauifiki. Mwombe mchapishaji faili la wasifu wa rangi wa mashine yake, uangalie kazi yako ndani yake, na uchapishe kipande kidogo chenye kioo, anga na kivuli kabla ya kulipia karatasi kubwa. Ikiwa kipande hicho kimetoka na mistari myembamba au rangi moja haipo kabisa, kasoro iko kwenye mashine. Usiiguse picha. Mrudishie mchapishaji.

Pa kusimama na kumwita fundi

Betri ikivimba. Utaijua kwa skrini iliyonyanyuka upande mmoja, au tableti inayoyumba ukiilaza mezani. Zima, usiichaji, usiibonyeze irudi, usiitoboe. Iweke juu ya sakafu ya saruji mbali na godoro na mapazia, umtafute fundi siku hiyo hiyo. Mimi niliendelea kuchora siku mbili zaidi kwenye tableti ya namna hiyo kwa sababu kazi ilikuwa imebaki kidogo. Skrini ilipasuka kutoka ndani. Mchoro wa Mizingani wa wiki tatu ulikuwa ndani yake tu, na sikuupata tena.

Ukihisi mwili wa kompyuta unakuwasha vidole wakati wa kuchaji, chomoa, uache. Aitwe fundi umeme aangalie soketi na waya wa ardhi, hasa nyumba za zamani ambazo kuta zake zinavuta unyevu. Umeme ukiwa unapanda na kushuka, chora kwa betri, uchaji ukishatulia.

Chombo kilichoanguka majini, hasa ya bahari, kisijaribiwe kuwashwa "kuona kama kizima". Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri na yanakula shaba haraka. Mchele mkavu hauondoi chumvi. Kinafunguliwa na kusafishwa na mwenye vifaa.

Ganzi ya vidole inayobaki hata asubuhi, au macho yanayoona ukungu baada ya kupumzika, ni ya daktari. Mpangilio wa skrini hauiondoi.

Na diski ya nje ikianza kutoa mlio wa kugonga, ichomoe wakati huo huo. Usiendeshe programu ya kuokoa mafaili, usiichomeke kwenye kompyuta ya rafiki kujaribu. Kila mzunguko mmoja zaidi unaweza kuukwaruza uso wenye michoro yako. Ifunge kwenye kitambaa kikavu, iandike kilichomo, umpelekee fundi wa kuokoa mafaili ikiwa bado haijawashwa tena.